Sheria ya Chupa na Msaada kwa Mnywaji
Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima

  Kabla hatujaanza, namwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni miaka hii: 1890, 1919, 1935, 1965, 1966, 1980, 2010, 2011 na 2017. Na wewe uiandike katika daftari lako. Tutaipitia yote.

Somo la leo linahusu ulevi. Najua kila mmoja wenu ana neno la kusema juu ya jambo hili, maana hakuna kijiji wala mtaa usioujua. Lakini leo hatukukusanyika kuhubiriana. Tunauliza swali la historia: Watu wa Afrika ya Mashariki walifanya nini kuzuia ulevi, na kwa nini mambo mengine yalifaa na mengine hayakufaa? Ukilijua jibu, utakuwa na la kufanya siku ndugu yako atakapokujia na kusema, "Nisaidie, nimeshindwa kuacha."

POMBE YA MTUNGI

Pombe ni ya zamani katika nchi zetu. Wachagga walipika mbege kwa ndizi na ulezi. Wahaya walipika rubisi kwa ndizi na mtama. Watu wa Iringa waligema ulanzi katika mianzi michanga. Magharibi ya Kenya ilipikwa busaa, na huku pwani wagema walipanda minazi kuteremsha tembo.

Pombe hizi zilifanana kwa mambo mawili. Kwanza, hazikuwa kali sana. Pili, hazikukaa. Baada ya siku chache ziligeuka kuwa chachu, hazinyweki. Kwa hiyo mtu hakuweza kuweka akiba ya pombe chini ya kitanda chake. Ilipikwa kwa sababu maalumu: arusi, tambiko, mavuno, au kuwashukuru watu waliokuja kukulimia shamba. Tusidanganyane kwamba zamani walevi hawakuwapo. Walikuwapo. Lakini mtungi ulipokwisha, ulikwisha, na kila mtu alirudi kazini kwake.

POMBE YA MVUKE

Kisha ikaja pombe ya namna nyingine. Nitaeleza inavyotengenezwa ili mwelewe hatari yake. Kitu kinacholevya katika pombe huitwa kileo. Maji huchemka kwenye joto la digrii 100, lakini kileo huchemka mapema, kwenye digrii 78 hivi. Basi pombe ya kawaida ikiwekwa motoni, kileo hutangulia kutoka kama mvuke. Mvuke huo ukipitishwa katika bomba na kupozwa, hudondoka tone kwa tone. Matone hayo ni makali mara nyingi kuliko pombe ya mtungi, wala hayaharibiki. Mtu anaweza kuyaweka, kuyaficha na kuyanywa kila siku.

Wazungu walileta pombe za namna hii katika chupa. Mwaka 1890 mataifa yao yalikutana Brussels, nchini Ubelgiji, yakakubaliana kuzuia biashara ya vinywaji vikali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919, baada ya vita kuu ya kwanza, yalitia sahihi mapatano mengine huko Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris. Chini ya serikali ya Kiingereza, Mwafrika wa Kenya, Uganda na Tanganyika hakuruhusiwa kununua vinywaji vikali vya dukani. Mzungu alikunywa wiski yake klabuni bila kuulizwa. Hali hii iliendelea mpaka miaka ya 1950.

Tazameni sheria hiyo. Ilimchagua mtu kwa rangi yake. Basi wengi waliiona kuwa dharau, wala hawakuiona kuwa ulinzi. Tena haikuzuia kitu, kwa kuwa ujuzi wa mvuke ulikuwa umekwisha kuingia. Wanubi, ambao wengi wao walitokana na askari waliotoka Sudan, waliujua vizuri, na pombe yao ilipata sifa Uganda na huko Kibera, Nairobi. Hata ikawa kila nchi ina jina lake: Kenya chang'aa, Uganda waragi, Tanganyika gongo au moshi. Wapishi wengi walikuwa wanawake, na wengine walilipa karo za watoto wao kwa fedha hiyo. Polisi walimwaga, wakatoza faini, na kesho yake moto ukawashwa tena.

SHERIA BAADA YA UHURU

Baada ya uhuru, serikali zetu zilirithi tatizo hili, nazo zikatunga sheria zao. Uganda ilitunga sheria ya enguli mwaka 1965. Mtu hakuruhusiwa tena kutengeneza bila leseni, na pombe ya vijijini ilitakiwa kupelekwa kiwandani isafishwe. Tanzania ilitunga sheria ya moshi mwaka 1966, nayo pia ikadai leseni. Kenya ilipiga marufuku chang'aa kabisa mwaka 1980.

Je, chang'aa ilikwisha? Haikwisha. Ilijificha. Na kitu kikijificha hakikaguliwi. Wauzaji wengine walitaka iwe kali upesi, wakachanganya humo kileo cha viwandani kiitwacho methanoli. Kwa macho na kwa harufu methanoli haitofautiani sana na kileo cha kawaida, lakini ni sumu. Kiasi kidogo hupofusha macho, na kikizidi kidogo huua. Mnamo Novemba 2000, katika vitongoji vya maskini vya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa sumu hiyo, na wengine wakapofuka. Hata walipokuwa wakipelekwa hospitali, chang'aa ilikuwa marufuku kwa miaka 20.

Mwaka 2010 Kenya iligeuza njia. Sheria mpya iliiruhusu chang'aa, kwa sharti kwamba itengenezwe kwa leseni, iuzwe katika chupa ya kioo, na chupa iwe na maneno ya onyo. Baa nazo zikawekewa saa za kufungua na kufunga. Huku Tanzania, mwaka 2017, serikali ilipiga marufuku viroba, yaani vile vifuko vidogo vya pombe kali. Viroba viliuzwa kwa bei ndogo sana, na mtoto wa shule aliweza kukificha kimoja mfukoni.

Nisieleweke vibaya, ndugu zangu. Sheria ina kazi yake. Kumwondolea mtoto kiroba ni kazi njema, na kukagua pombe isiwe na sumu ni kazi njema. Lakini angalieni tena miaka yote tuliyoitaja. Kila mara sheria ilitazama chupa: nani aiuze, nani asiiuze, itoke wapi, iwe kubwa kiasi gani. Na yule aliyekwisha kunaswa na pombe, ambaye kila asubuhi mikono inamtetemeka mpaka anywe, ni nani aliyemtazama? Yeye alipigwa faini, au alifungwa, au alichekwa.

MTU ALIYENASWA

Madaktari wanatueleza kwamba kunaswa huku, ambako leo tunakuita uraibu, ni maradhi. Mtu akinywa sana kila siku kwa muda mrefu, mwili na ubongo huzoea kileo kama vile ni chakula. Akinyimwa, hutetemeka, hutoka jasho, hakosi hofu na hapati usingizi. Wengine huanguka kifafa, na wengine hufa. Kwa hiyo wekeni neno hili moyoni: mlevi wa kila siku asifungiwe chumbani ili aache kwa nguvu. Apelekwe kwanza hospitali au zahanati, apate dawa na uangalizi.

Lakini dawa ya siku chache humtoa kileo mwilini tu. Je, afanye nini mwezi ujao, na mwaka ujao? Ili kulijibu swali hili, sasa tuvuke bahari kwa muda mfupi, maana jibu moja lililofika mpaka kwetu lilianzia Marekani.

WATU WAWILI WA AKRON

Marekani nayo ilikuwa imejaribu sheria. Kuanzia mwaka 1920 ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza pombe katika nchi nzima. Pombe ilijificha huko kama ilivyojificha kwetu, na mwaka 1933 marufuku hiyo ikaondolewa.

Mwezi wa Mei, mwaka 1935, mtu mmoja wa New York aitwaye Bill Wilson alikwenda mji wa Akron kwa shughuli za biashara. Alikuwa amewahi kulazwa hospitali mara kadhaa kwa ajili ya ulevi, na sasa alikuwa na miezi mitano hivi bila kunywa. Biashara yake ikaharibika. Akabaki peke yake hotelini, na kelele za baa anazisikia. Alijua kwamba akikaa kimya atakunywa. Akaenda kwenye simu, akawapigia viongozi wa makanisa akiuliza kama wanamjua mlevi mwingine anayehitaji msaada.

Akapelekwa kwa Robert Smith, daktari wa upasuaji, ambaye ulevi ulikuwa umekaribia kuivunja kazi yake. Smith alikubali kuzungumza dakika 15 tu. Wakazungumza kwa saa nyingi. Kwa nini? Kwa sababu Wilson hakumkaripia. Alimweleza habari zake mwenyewe, naye daktari akasikia maisha yake mwenyewe yakisemwa na mtu mwingine.

Si kwamba Smith aliacha siku ile ile. Baada ya wiki chache alisafiri, akanywa tena. Wilson hakumfukuza. Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na hakunywa tena mpaka alipokufa mwaka 1950. Chama kilichotokana na watu hawa wawili kinaitwa Alcoholics Anonymous, na leo kina mikutano katika nchi nyingi, na Kenya na Tanzania zimo. Taratibu zake ni nyepesi kueleza. Walevi wanaotaka kuacha hukutana. Hawatangazi majina yao nje. Kila mmoja huahidi kutokunywa leo tu, na kesho huahidi tena. Na aliyepata nafuu humsaidia anayeanza, kwa kuwa katika kumsaidia hujilinda mwenyewe.

UNGA NA NYUMBA ZA NAFUU

Njia hii ilifika kwetu kwa haja nyingine. Tangu miaka ya 1980, heroini, ambayo vijana huiita unga, ilianza kuenea katika miji ya pwani: Mombasa, Malindi, Zanzibar na Dar es Salaam. Mtumiaji akiikosa hupata maumivu makali yanayoitwa arosto, na kwa kuiogopa arosto ataiba hata sufuria ya mama yake. Watu wakawaita vijana hao mateja, wakawapiga, wakawakimbia. Wengi walijidunga kwa sindano moja, na ugonjwa wa UKIMWI ukapita humo humo.

Mnamo mwaka 2009 hivi, huko Zanzibar, watu waliokuwa wamepona unga walianza kufungua nyumba za upataji nafuu. Mgonjwa hukaa humo miezi kadhaa, akipika, akifagia na kuzungumza pamoja na wenzake, kwa kufuata hatua zilizotokana na chama kile cha Marekani. Na mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa dawa iitwayo methadoni. Mgonjwa hufika kila siku, hunywa kipimo chake mbele ya muuguzi, na arosto haimshiki siku hiyo. Akili ikitulia, anaweza kutafuta kazi na kurudi kwa jamaa zake. Baadaye hospitali nyingine za Tanzania bara, za Zanzibar na za Kenya zikafanya vivyo hivyo.

Basi hesabuni wenyewe. Kutoka 1890 mpaka 2011 ni miaka 121. Ilichukua muda huo wote kwa serikali katika nchi zetu kumwita mtu wa namna hii mgonjwa na kumwekea kikombe cha dawa mezani.

LA KUSHIKA

Historia hii inatufundisha mambo matatu. Kwanza, sheria huweza kupunguza chupa, lakini haiwezi kuingia ndani ya mwili wa mtu. Pili, aliyenaswa anahitaji mganga wa hospitali mwanzoni, na wenzake kwa miaka mingi baadaye. Tatu, akianguka tena, kama Smith alivyoanguka, mlango usifungwe. Kumfungulia mlango hakuna maana ya kumpa fedha ya kunywea, wala kumficha anapokosa kazini. Maana yake ni kumwambia, "Ukiwa tayari kwenda hospitali, hata saa nane ya usiku, niamshe twende."

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini pombe ya mtungi haikuweza kuwekwa akiba, na jambo hilo lilimsaidiaje mnywaji?
2. Sheria ya Kenya ya mwaka 1980 ilileta madhara gani ambayo haikuyakusudia?
3. Kwa nini daktari Smith alimsikiliza Wilson?
4. Katika kijiji au mtaa wenu, mtu anayetaka kuacha pombe au unga atakwenda kwa nani kwanza? Kama hakuna jibu, darasa lifanye nini?

Swali la nne msilipite upesi. Huenda mwenye kulihitaji jibu lake amekaa benchi moja nawe, naye bado hajanyosha mkono.

Kwaherini, na someni kwa bidii.