Magereza ya Uingereza na Habari Zake

Gereza hujengewa kuta ndefu ili mfungwa asitoke. Lakini kuta hizo huzuia vilevile jicho la raia lisiingie, na zuio hili la pili halikuamriwa na hakimu yeyote.

Katika mwaka wa 1773 John Howard alifanywa sherifu wa Bedfordshire, cheo kilichompa dhamana ya gereza la jimbo lake. Aliona humo jambo lililomchoma moyo: watu waliokwisha kuonekana hawana hatia walirudishwa kifungoni, kwa kuwa hawakuweza kumlipa ada msimamizi wa gereza, ambaye hakuwa na mshahara. Howard aliomba msimamizi huyo alipwe mshahara. Mahakimu wakamtaka aonyeshe jimbo jingine lifanyalo hivyo. Akapanda farasi kwenda kulitafuta. Hakuliona, bali aliona magereza mengi yaliyo mabaya kuliko lake. Uvundo wake uliganda katika nguo zake, na daftari yake ilibidi kuanikwa mbele ya moto kabla ya kutumika tena. Kitabu alichokitoa mwaka wa 1777 kilitaja gereza mojamoja kwa jina, pamoja na ada zake na chakula chake. Alihesabu wafungwa 4,084, na 2,437 kati yao kosa lao lilikuwa deni tu. Hesabu ya namna hiyo ilistahili kufanywa na Serikali. Ilifanywa na mtu mmoja kwa fedha yake.

Wakaguzi wa Serikali waliwekwa kwa sheria ya mwaka wa 1835. Kisha sheria ya 1877 ikatwaa magereza yote ya majimbo, yakawa chini ya halmashauri moja iliyoongozwa na Edmund Du Cane. Chakula, kazi na adhabu vikawa sawa kila mahali. Lakini usawa huo ulikuja na ukimya. Wakaguzi walikuwa sasa watumishi wa halmashauri waliyoikagua, na taarifa za kila mwaka zilijaa tarakimu bila sauti ya mfungwa hata mmoja. Makala za gazeti la Daily Chronicle katika mwaka wa 1894 zilivunja kimya hicho, na mwaka uliofuata Du Cane akastaafu.

Ukimya, hata hivyo, haustaafu upesi. Stephen Hobhouse na Fenner Brockway, ambao walifungwa kwa kukataa kupigana katika Vita Kuu ya Kwanza, walitoa mwaka wa 1922 kitabu kinene juu ya magereza. Watumishi wa magereza walikatazwa kuwajibu maswali. Basi wakawauliza watu waliopata kufungwa. Huenda kitabu kikafaidika kwa katazo hilo.

Mkaguzi mkuu asiye chini ya idara ya magereza aliwekwa mwaka wa 1981. Tangu mwaka wa 2005 mtu yeyote aweza kuiandikia idara ya Serikali na kudai habari, ajibiwe katika siku 20 za kazi. Idara inayounganisha magereza na probesheni, iliyoanza mwaka wa 2017, imo katika sheria hiyo. Lakini sheria yaruhusu habari kuzuiwa ikiwa kutolewa kwake kungedhuru usalama na utaratibu wa gereza. Na mwenye kupima madhara hayo kwanza, kabla malalamiko hayajafika kwa Kamishna wa Habari, ni idara ileile inayoulizwa.