Vipindi Vilivyopotea vya Dad's Army

Dad's Army ni mfululizo wa vichekesho wa televisheni uliorushwa na BBC nchini Uingereza kuanzia tarehe 31 Julai 1968 hadi tarehe 13 Novemba 1977. Jumla yake ni vipindi 80. Vitatu kati ya hivyo havijapatikana hadi leo, na viwili vingine vilihesabiwa kuwa vimepotea kabisa mpaka vilipoibuka mwaka 2001. Vyote vitano ni vya msimu wa pili, uliorushwa Machi na Aprili 1969, wakati wahusika walikuwa ndio kwanza wanazoeleka kwa watazamaji.

Hadithi yake inahusu mgambo wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Tarehe 14 Mei 1940, Ujerumani ikisonga mbele katika Ulaya ya Magharibi, waziri wa vita Anthony Eden aliwaomba wanaume wa Uingereza kwa njia ya redio wajitolee kulinda maeneo yao. Hadi mwisho wa Julai waliojiandikisha walikuwa wamezidi milioni moja. Wengi wao walikuwa wazee waliopita umri wa jeshi, vijana ambao hawajaufikia, na watu ambao kazi zao ziliwazuia kwenda vitani. Silaha zilikuwa chache, na katika miezi ya mwanzo wengine walifanya mazoezi kwa fimbo za ufagio. Mgambo hao walisimamishwa kazi Desemba 1944. Jimmy Perry, aliyebuni mfululizo huu, aliwahi kuwa mgambo akiwa kijana mdogo, na aliuandika pamoja na David Croft, ambaye pia ndiye aliyekuwa mtayarishaji.

Mji wa hadithi, Walmington-on-Sea, ni wa kubuni, katika pwani ya kusini ya Uingereza. Kapteni Mainwaring, aliyeigizwa na Arthur Lowe, ni meneja wa benki anayejiona amezaliwa kuongoza. Sajenti Wilson, yaani John Le Mesurier, ni msaidizi wake benkini, mpole na mwenye asili ya familia bora kuliko ya mkubwa wake, jambo ambalo Mainwaring halisahau hata siku moja. Koplo Jones ni mwenye bucha aliyepigana Sudani enzi za ujana wake. Mfululizo ulipoanza, Clive Dunn aliyemwigiza alikuwa bado hajatimiza miaka hamsini. Kuna Frazer, Mskoti mwenye maneno ya kukatisha tamaa, Godfrey, mstaafu mwenye adabu nyingi, Walker, mlanguzi ambaye hakosi bidhaa yoyote iliyoadimika, na Pike, karani kijana ambaye mama yake humfunga skafu asipatwe na mafua. Katika miaka ya 1970 kuna kipindi kilichotazamwa na watu wapatao milioni 18. Ni kazi iliyopendwa kwelikweli, na ndiyo maana kupotea kwa sehemu yake kuliwauma wengi.

Sababu ya kwanza ya kupotea ilikuwa mkanda wenyewe. Vipindi vya studio vilirekodiwa kwenye mkanda wa sumaku wenye upana wa inchi mbili, teknolojia iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Marekani ya Ampex mwaka 1956. Mkanda huo ulikuwa ghali mno, lakini ulikuwa na sifa moja iliyowafurahisha wahasibu: ungeweza kufutwa na kurekodiwa tena, mara nyingi. Kwa mhandisi wa studio, mkanda uliojaa ulikuwa chombo kinachosubiri kazi nyingine. Filamu haikuwa hivyo. Picha ikishasafishwa haifutiki, kwa hiyo maktaba ya filamu ya BBC ilihifadhi filamu tangu zamani, lakini mikanda ya video ilikuwa mikononi mwa idara ya uhandisi, ambayo haikuwa imepewa jukumu la kuitunza kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Mikataba nayo ilichangia. Chama cha waigizaji, Equity, kilihofia kwamba kazi za zamani zikirudiwa bila kikomo, wanachama wake wangekosa kazi mpya, na kwa hiyo idadi ya marudio na muda wake vilibanwa. Haki za kurudia zikiisha, kipindi hakikuwa na matumizi ya kibiashara ndani ya nchi. Kisha ikaja rangi. BBC1 ilianza matangazo kamili ya rangi Novemba 1969, miezi michache tu baada ya msimu wa pili wa Dad's Army kumalizika, na ghafla kila kilichorekodiwa kwa nyeusi na nyeupe kikaonekana cha kale. Watu wa kawaida hawakuwa na mashine za kurekodi video majumbani, wala hakuna aliyefikiria kwamba siku moja kipindi cha vichekesho kingeuzwa dukani kama kitabu. Hivyo mikanda ya msimu wa pili ikafutwa. Katika vipindi sita vya msimu huo, kimoja tu, kinachoitwa Sgt Wilson's Little Secret, ndicho kilichobaki. Vile sita vya msimu wa kwanza vilisalimika vyote.

Hasara hii haikuwa ya mfululizo mmoja. Vipindi vingi vya Till Death Us Do Part na vya Hancock's Half Hour vilipotea kwa namna hiyohiyo. Peter Cook na Dudley Moore, nyota wa Not Only... But Also, walijitolea kulipia mikanda mipya ili vipindi vyao visifutwe, wakakataliwa. Waandishi wa Steptoe and Son, Ray Galton na Alan Simpson, walikuwa na bahati zaidi: walikuwa wamejiwekea nakala za nyeusi na nyeupe katika mikanda midogo, na kwa sababu ya nakala hizo vipindi vya rangi ambavyo mikanda yake mikuu ilifutwa bado vinaweza kutazamwa. Ufutaji ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1970, BBC ilipounganisha utunzaji wa filamu na mikanda ya video na kumteua Sue Malden kuwa mteuzi wa kwanza wa kazi za kuhifadhiwa. Alipoanza kukagua kilichokuwapo, ukubwa wa pengo ukajulikana.

Waliotafuta vipindi hivyo baadaye waligundua jambo moja lililojirudia: kilichosalimika mara nyingi ni kile kilichokuwa kimetoka nje ya mlango. Ili kuuza kipindi nchi za ng'ambo, BBC ilielekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni maalumu na kukinakili chote kwenye filamu ya milimita 16, ambayo stesheni yoyote duniani ingeweza kuirusha. Filamu hizo zilisafiri kutoka nchi hadi nchi, na mwisho wa safari zilitakiwa kurudishwa au kuteketezwa. Si zote zilizofanyiwa hivyo. Mfano unaojulikana zaidi unahusu Doctor Who, ambayo si kichekesho bali hadithi ya kusafiri katika wakati, na ambayo ilinunuliwa na stesheni nyingi za Afrika, zikiwamo za Kenya, Uganda na Zambia. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, mtafutaji wa filamu zilizopotea, alikuwa amekuta vipindi tisa vya mfululizo huo vilivyokosekana katika stoo ya stesheni moja mjini Jos, Nigeria. Vilikuwa vimekaa huko miongo kadhaa, na vumbi juu yake, wakati London ilikuwa imeshavikatia tamaa.

Nakala za Dad's Army hazikusafiri mbali kiasi hicho, ila nazo zilikuwa zimetoka nje ya mlango. Mwaka 1971 kampuni ya Columbia Pictures ilitoa filamu ya sinema iliyotokana na mfululizo huu. Wakati mradi huo unafikiriwa, vipindi viwili vilinakiliwa kwenye filamu ili wakubwa wa kampuni waone kile walichokuwa wakiombwa kugharimia. Kazi hiyo ilipokwisha, hakuna aliyezihitaji tena nakala hizo. Katika miaka ya 1970 makopo yake yaliokotwa kwenye kontena la takataka katika studio za Elstree, kaskazini mwa London, na aliyeyaokota akayahifadhi. Kwa miaka mingi yalikaa katika kibanda cha bustani, yakiota kutu, kwenye baridi na unyevu ambao ni adui mkubwa wa filamu.

Mwaka 2001 BBC iliendesha kampeni ya kuwaomba wananchi warudishe chochote walichonacho cha redio au televisheni ya zamani, na katika mwaka huohuo makopo yale yakafika mikononi mwa wataalamu. Ndani yake kulikuwa na Operation Kilt na The Battle of Godfrey's Cottage, vipindi viwili vya mwanzo vya msimu wa pili, vilivyorushwa mara ya kwanza tarehe 1 na 8 Machi 1969. Filamu zilikuwa zimeharibika lakini si kwa kiasi cha kushindwa kutengenezwa. Zilisafishwa, zikanakiliwa upya, na watazamaji wakaviona vipindi ambavyo kizazi kizima kilivijua kwa majina tu.

Cha kwanza kinaonyesha kikosi cha Mainwaring kikishindana katika mazoezi na wanajeshi halisi wa Kiskoti, na katika kuwapeleleza kinatumia vazi la ng'ombe wa maigizo. Cha pili ni bora zaidi. Wakati wa vita kengele za makanisa zilinyamazishwa, zisilie ila adui akivamia. Siku moja zinalia. Wengi wa kikosi hawapo, na wachache waliopo wanagawanyika. Baadhi yao wanajichimbia katika nyumba ndogo ya Godfrey, ambamo dada zake wazee wanaendelea na chai kama kawaida, na pande mbili za kikosi kimoja zinaanza kurushiana risasi, kila upande ukidhani umekutana na Wajerumani. Katika kipindi hiki tayari kuna kila kitu kilichoupa mfululizo huu uzito wake: wanaume hawa wanachekesha, lakini wanapoamini kwamba saa ya kufa imefika, hakuna anayekimbia. Anayekitazama baada ya kuvizoea vile vya rangi huona kwamba Perry na Croft walikuwa wamekwisha kuipata njia yao tangu mapema.

Vitatu vilivyobaki ni The Loneliness of the Long-Distance Walker, A Stripe for Frazer na Under Fire. Katika cha kwanza Walker anaitwa jeshini, na kikosi kinahangaika kumnusuru, kwa kuwa bila yeye hakuna wa kuwaletea vitu vya magendo. Anaponea kwa sababu mwili wake haupatani na nyama ya kopo, chakula cha kila siku cha askari. Katika cha pili Frazer anapandishwa kuwa koplo usu na cheo kinampanda kichwani. Katika cha tatu kikosi kinashuku kwamba kuna mtu anayeziashiria ndege za adui kwa taa.

Mwaka 2008 ilipatikana sauti ya A Stripe for Frazer, pamoja na sauti ya kichekesho kifupi kilichorushwa Krismasi ya mwaka 1968. Picha haikuwapo. Mwaka 2016 sauti hiyo ilitengenezewa michoro ya katuni, kwa hiyo kipindi kinaweza kufuatwa mwanzo hadi mwisho, Lowe na Laurie, aliyemwigiza Frazer, wakisikika kwa sauti zao wenyewe kutoka midomo iliyochorwa.

Mwaka huohuo wa 2008 ulileta ufufuo wa aina nyingine. Room at the Bottom, kipindi cha msimu wa tatu kilichorushwa Oktoba 1969, kilikuwa kimerekodiwa kwa rangi, lakini mkanda wake ulifutwa na kubaki nakala ya filamu ya nyeusi na nyeupe. Wahandisi waliichunguza nakala hiyo kwa makini wakaona vidoti vidogo sana vimetapakaa kwenye picha. Vilikuwa alama za mawimbi ya rangi, ambayo wakati wa kunakili hayakuchujwa ipasavyo na yakajiandika kwenye filamu kama uchafu. Watazamaji wa zamani waliviona vidoti hivyo kuwa kasoro. Kumbe ndani ya kasoro hiyo kulikuwa na habari zote za rangi zilizohitajika: programu ya kompyuta iliandikwa kuvisoma, ikabaini kila sehemu ya picha ilikuwa na rangi gani studioni, na tarehe 13 Desemba 2008 BBC Two ikakirusha kipindi hicho kikiwa na rangi zake za asili, si zilizopakwa kwa kubahatisha.

Kwa The Loneliness of the Long-Distance Walker na Under Fire haikupatikana picha wala sauti. Hata hivyo miswada ya vyote vitatu ipo, na Agosti 2019, miaka hamsini baada ya msimu ule, chaneli ya Gold ilivirusha vikiwa vimeigizwa upya na waigizaji wengine, Kevin McNally akiwa Mainwaring na Robert Bathurst akiwa Wilson. Kabla ya hapo vilikuwa vimeshabadilishwa kuwa michezo ya redio, katika mfululizo wa vipindi 67 uliorushwa na BBC kati ya 1974 na 1976, wakitumika waigizaji walewale wa televisheni. Ila James Beck, aliyemwigiza Walker, alifariki Agosti 1973 akiwa na umri wa miaka 44, kabla kazi ya redio haijafika mbali, na sehemu yake ikachukuliwa na wengine. Kwa hiyo kipindi pekee cha msimu ule kilichojengwa juu ya Walker ndicho ambacho ndani yake Beck haonekani wala hasikiki tena, ila kama kuna kopo jingine la filamu katika kibanda ambacho hakijafunguliwa.