Dawn Staley Hakuomoka na Kipaji Pekee

Kuna sentensi moja inanichosha sana kwa hizi mitaa zetu: "Kipaji kikiwa kipaji, kitajitokeza tu." Utaiskia maskani, utaiskia kwa redio, utaiskia hata kwa mwalimu wa michezo anayekueleza kwa nini shule haina pesa ya kununua mipira. Watu huisema kama kukutia moyo. Mimi naiskia kama kisingizio. Kwa sababu kama kipaji hujitokeza chenyewe, basi hakuna mtu anadaiwa kitu. Hakuna korti ya kujengwa, hakuna kocha wa kulipwa. Na yule msichana ambaye hakujitokeza? Tunasema tu hakuwa nacho.

Leo nataka tuivunje hiyo sentensi kwa kutumia mtu ambaye watu hupenda kumtumia kuithibitisha. Dawn Staley, kocha wa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha South Carolina. Amechukua ubingwa wa vyuo vya Marekani mara tatu, 2017, 2022 na 2024, na huo wa 2024 aliuchukua bila kupoteza mechi hata moja. Mechi 38, ushindi 38. Ana dhahabu tatu za Olimpiki kama mchezaji, na nyingine kama kocha mkuu kule Tokyo. Kwa sisi Wakenya kuna la ziada: mwaka 2025 Madina Okot, msichana wa Mumias, alihamia timu yake. Tangu hapo simu zetu zimejaa klipu za Staley, na maneno chini yake ni yale yale. Ametoka ghetto, akapambana, akaomoka. Kwisha.

Si uongo. Lakini ni nusu ya hadithi, na ile nusu imeachwa ndiyo inatuhusu sisi.

Staley alizaliwa tarehe 4 Mei 1970, Philadelphia ya kaskazini, kitinda mimba kwa nyumba ya watoto watano. Mamake, Estelle, alitoka South Carolina. Alikuwa mmoja wa ile mamilioni ya Wamarekani weusi walioacha kusini, wakakimbia ubaguzi na kutafuta kazi kwa miji ya kaskazini. Familia iliishi Raymond Rosen, mtaa wa nyumba za serikali za kodi nafuu, maghorofa yaliyopangwa pamoja na watu wengi ndani. Ukitaka kuielewa, usifikirie sinema za Marekani. Fikiria nyumba za kaunti hapa Nairobi: kila mtu anajua mtoto wa nani anafanya nini, na mathee wa ghorofa ya pili anaweza kukugombeza kama wako.

Hapo ndipo alianza kucheza, na alicheza na wavulana. Mara nyingi alikuwa msichana peke yake kwa korti. Hakuwa mrefu. Mpaka leo ana kama sentimita 168 tu, kwa hivyo ilibidi awe mwepesi, ajue kupasi kabla jamaa mkubwa hajamfikia, aone nafasi ambayo wengine hawajaiona. Hiyo sehemu ya bidii ni yake. Hakuna mtu anamnyang'anya.

Lakini angalia alikokuwa anacheza. Karibu na mtaa wao kulikuwa na kituo cha michezo cha jiji, wakati huo kikiitwa Moylan. Kituo cha umma, si cha shule ya mabwenyenye wala klabu ya kulipia. Mtoto wa nyumba za serikali alitoka kwao kwa miguu, akaingia, akacheza. Jiji lilikuwa limeamua kwamba hilo ni jukumu lake, kama vile taa za barabara ni jukumu lake.

Kituo hicho leo kinaitwa Hank Gathers. Huyo alikuwa mvulana wa mtaa huo huo wa Raymond Rosen, aliyemtangulia Staley kwa miaka mitatu tu. Walisoma shule moja ya sekondari, Dobbins, ambayo ni shule ya ufundi. Gathers alienda Loyola Marymount, California, na msimu wa 1988 hadi 1989 alikuwa wa kwanza nchi nzima kwa pointi na pia kwa mipira aliyoidaka chini ya ringi. Tarehe 4 Machi 1990 alianguka katikati ya mechi kwa ugonjwa wa moyo, akafariki akiwa na miaka 23.

Namtaja Gathers kwa sababu moja. Yeye na Staley walikuwa majirani, korti moja, shule moja. Lakini Gathers, akiwa mvulana, alipata ngazi ikiwa imesimama tayari: mtaa, shule, chuo, halafu NBA. Ilikuwa ngazi ya zamani na kila mtu aliijua. Ya Staley ilikuwa bado inapigwa misumari huku yeye anaipanda.

Hebu weka miaka pamoja uone.

Mwaka 1970, mwaka aliozaliwa, ndipo Chuo Kikuu cha Virginia kilianza kufungulia wasichana milango ya masomo ya shahada ya kwanza. Kabla ya hapo kilikuwa kimsingi chuo cha wanaume. Shika hicho chuo akilini, tutakirudia.

Mwaka 1972, akiwa na miaka miwili, Rais Nixon alitia sahihi sheria inayoitwa Title IX. Kiini chake ni sentensi moja ya maneno 37, na michezo haijatajwa humo hata mara moja. Inasema tu kwamba hakuna mtu atabaguliwa kwa jinsia yake katika masomo yanayopokea pesa za serikali kuu. Nguvu iko hapo mwisho: pesa. Shule ikiwabagua wasichana, inahatarisha pesa yake. Kabla ya hiyo sheria, wasichana waliocheza michezo kwa timu za sekondari Marekani hawakufika 300,000. Kufikia mwaka Staley alimaliza sekondari, walikuwa zaidi ya milioni 1.8. Niambie, vipaji viliongezeka mara sita kwa miaka 16? Ama milango ndiyo iliongezeka?

Mwaka 1982, akiwa na miaka 11, NCAA ikaandaa mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa basketi ya wanawake. Sasa mtoto wa darasa la sita angeweza kuona mahali pa kufika.

Kwa hivyo alipoingia Dobbins, alikuta timu ya wasichana, kocha, ratiba na ligi ya shule za umma. Akafanya kilichobaki. Dobbins ikachukua ubingwa wa shule za umma za Philadelphia mara tatu mfululizo, na mwaka 1988 gazeti la USA Today likamtaja mchezaji bora wa kike wa sekondari Marekani nzima. Msichana wa shule ya ufundi, kutoka nyumba za serikali.

Akapewa skolashipu. Kwenda wapi? Virginia. Chuo ambacho mwaka anazaliwa ndio kwanza kilikuwa kinawafungulia wasichana. Aliwapeleka nusu fainali za kitaifa mara tatu, 1990, 1991 na 1992, na mara mbili akatajwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo. Fainali ya 1991 walipoteza kwa Tennessee ya Pat Summitt, 70 kwa 67, dakika za nyongeza. Hata hivyo yeye ndiye alitajwa mchezaji bora wa mashindano. Ni nadra sana tuzo hiyo kwenda kwa timu iliyopoteza.

Sasa mtu wa "kipaji kitajitokeza" anijibu hili. Mwaka 1992 Staley anamaliza chuo. Ana kipaji, ana bidii, ana jina. Ndiye bora zaidi katika vyuo vya nchi tajiri kuliko zote. Anaenda wapi? Nyumbani hakuna ligi ya kulipwa ya wanawake. WNBA ilianza 1997. Basi akafunga virago akaenda kutafuta riziki Ufaransa, Italia, Uhispania na Brazili. Kipaji hakikupungua hata kidogo siku ile alihitimu. Kilichokosekana kilikuwa mlango. Na ukimrudia Estelle, mamake, aliyekua kabla ya haya yote: hata kama angekuwa na mkono ule ule na macho yale yale, angeyaonyesha kwa nani?

Halafu kuna 1994, na hii ndiyo hunikata maini. Mwaka huo mashindano ya dunia ya basketi ya wanawake yalichezwa Australia. Staley alikuwa kwa timu ya Marekani. Walifungwa na Brazili kwa nusu fainali, wakarudi na shaba, na Brazili wakawa mabingwa. Unajua nani mwingine alikuwa huko? Kenya. Wanawake wetu, jezi zetu, mashindano yale yale. Timu 16 za dunia nzima, na sisi tulikuwa mmoja wao.

Taja mchezaji mmoja wa hiyo timu. Mmoja tu. Nimeuliza watu wa basketi wa rika langu na wananiangalia tu. Staley wa 1994 leo ana sanamu yake Columbia, South Carolina, iliyozinduliwa 2025. Wenzake wa Kenya wa mashindano yale yale, wengi wetu hatuwajui hata kwa jina, na tangu hapo hatujarudi. Hawakukosa kipaji. Mtu hafiki kombe la dunia kwa bahati. Lakini waliporudi nyumbani, hakukuwa na ligi ya kuwalisha, wala kituo cha mtaa kikitafuta kocha. Kizazi kikafika juu na ngazi ikaondolewa nyuma yake.

Staley alifanya nini alipopata nguvu kidogo? 1996, mwaka wa dhahabu yake ya kwanza, alianzisha wakfu wa kusaidia watoto wa Philadelphia baada ya masomo. Mwaka 2000 akachukua kazi ya ukocha Temple, chuo kilicho Philadelphia ya kaskazini ile ile, huku bado anacheza WNBA. Huyo ni mtu aliyejua kabisa ametokea wapi. Ukocha wake ulianza karibu na korti aliyofunguliwa akiwa mtoto.

Najua mtu atasema: lakini Madina Okot je? Si yeye ametoka Mumias bila hizo korti zako? Angalia vizuri. Madina alipitia Kaya Tiwi, Kwale, shule inayojulikana nchi nzima kwa basketi ya wasichana. Halafu Zetech, chuo chenye timu. Halafu Mississippi State, ndipo South Carolina. Kila hatua kulikuwa na mtu amefungua mlango. Swali langu ni la wale wengine, waliokuwa warefu kama yeye, wepesi kama Staley, na shule yao ilikuwa na nguzo mbili za goli na mpira mmoja wa wavulana.

Ndio maana naandika hii nikiwa Woodley. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma, kwa hivyo sina digrii ya kukutisha nayo. Lakini macho ninayo. Nyumba za zamani za kaunti zinapisha maghorofa. Kila siku tunaongea bei ya nyumba, nani atapata, nani ataachwa. Ni sawa, hayo ni maswali ya maana. Uwanja wa Joseph Kang'ethe tunaujua wote, na ukipita jioni utaona ni nani wanaucheza: wavulana na kandanda. Wasichana wamekaa kando wameshika simu na majaketi ya maboi. Korti nzuri zipo kwa hii barabara ya Ngong, lakini nyingi ziko nyuma ya geti, na geti ina askari.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 27, inasema wanawake na wanaume wana haki ya nafasi sawa. Maneno matamu. Title IX pia ilikuwa maneno tu, mpaka yakafungwa kwa bajeti.

Kwa hivyo mkutano wa mtaa ukiitwa, na huwa unaitwa, usiende kupigwa picha tu. Uliza mambo manne. Kwa hii ramani mpya, korti iko wapi? Ina taa? Funguo iko na nani? Na kuna saa gani imeandikwa kwamba ni ya wasichana? Uliza mbele ya watu, jibu liandikwe kwa kumbukumbu za mkutano. Wakikuambia tusubiri kwanza tuone vipaji, waambie maghorofa ya Raymond Rosen yalibomolewa 1995, lakini kituo cha Hank Gathers bado kiko, na watoto bado wanaingia.