Mango na binti wa Barwa: Posa iliyozaa jando la Wabukusu

WABUKUSU wa Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia wana simulizi ya kale inayoeleza jinsi jando lilivyoingia katika jamii yao. Aghalabu simulizi hiyo hukumbukwa kwa sababu ya nyoka aliyeuawa na shujaa Mango. Hata hivyo, ndani yake mna kisa cha mapenzi yasiyokuwa rahisi. Mango alimtamani binti wa jamii jirani, lakini watu wa binti huyo hawakuwa tayari kumwoza kwa mtu ambaye kwao alihesabiwa kuwa mvulana bado.

Binti huyo alikuwa wa Barwa, jina ambalo Wabukusu huwaitia majirani wao wa jamii za Wakalenjin, hasa Wasabaot wa Mlima Elgon. Wasabaot walikuwa na jando, na kwao mwanamume ambaye hajapashwa tohara hakustahili kuoa. Kwa Mbukusu, kutafuta mchumba mbali na nyumbani halikuwa jambo la ajabu, kwani mila yake humkataza kuoa katika ukoo wake mwenyewe au ukoo wa mama yake.

Sharti la wakwe

Mango, anayetajwa kuwa wa ukoo wa Bakhurarwa, alipopeleka posa alijibiwa kwa kejeli. Aliambiwa kwamba iwapo kweli alikuwa mwanamume, basi amwue Yabebe, nyoka mkubwa aliyekuwa akiangamiza watu na mifugo. Masimulizi hayafanani kuhusu jambo hili. Wapo wasemao kuwa nyoka huyo alikuwa amemwua mwana wa Mango, na kwamba ghadhabu ya mzazi ndiyo iliyomsukuma, wala si mapenzi peke yake.

Mango aliingia pangoni nyoka akiwa mawindoni, akajificha na kumngoja. Yabebe aliporudi na kupenyeza kichwa, Mango alikikata kwa upanga. Inasimuliwa kwamba kichwa hicho kiliruka kikauma mti uliokuwa karibu, na majani yake yakanyauka papo hapo. Mahali panapohusishwa na tukio hilo, ambapo huitwa Mwiala wa Mango, pangali panaheshimiwa katika eneo la Bungoma.

Barwa walitimiza ahadi. Walimtahiri Mango mbele ya watu, naye akasimama imara bila kutikisika. Ndipo alipohesabiwa kuwa mwanamume na kustahili mke. Sioyaye, wimbo ambao huimbwa alfajiri mtahiriwa anapotolewa mtoni akiwa amepakwa matope, huhusishwa na kisa hicho.

Binti asiyesema

Masimulizi mengi hayampi binti nafasi ya kusema. Mara nyingi hutajwa kwa asili yake tu, kwamba alikuwa wa Barwa. Hatuelezwi kama alimpenda Mango au la, wala kama alijua sharti aliloekewa mchumba wake. Wanaojibu ni wazee na ndugu zake. Hali hiyo inalingana na desturi ya posa ya zamani, ambapo koo mbili ndizo zilizojadiliana na binti akatarajiwa kunyamaza. Licha ya kimya chake, yeye ndiye kiini cha kisa: bila yeye, Mango hangekuwa na sababu ya kuomba kutahiriwa na watu wa kabila jingine.

Jando hilo lingali hai. Hufanywa kila baada ya miaka miwili, hasa mwezi wa Agosti, katika miaka kama vile 2022 na 2024. Mvulana huzunguka akipiga njuga ziitwazo chinyimba kuwaalika jamaa zake, na huenda kwa mjomba wake kupewa nyama iitwayo luliki, ambayo huvishwa shingoni. Baadaye huingia katika rika lake. Marika hayo ni manane, miongoni mwao Kolongolo, Kikwameti, Nyange na Maina, nayo huzunguka kwa muda wa karibu karne moja.

Si wote wanaokubali kwamba tohara ilianza na Mango. Wapo wanaosema kwamba Wabukusu waliipata kutoka kwa Wakalenjin walipokaa karibu na Mlima Elgon. Wengine hupinga, wakieleza kwamba jamii nyingine za Waluhya pia hutahiri, na kwa hivyo huenda desturi hiyo ni ya kale zaidi. Majina kadhaa ya marika, kama vile Maina, hupatikana pia miongoni mwa Wakalenjin, jambo linaloonyesha ukaribu wa jamii hizo.

Wakwe waliogombana

Ukaribu huo haujazuia uhasama. Mapigano ya kikabila ya mwaka wa 1991 na 1992 yaliwafurusha watu wengi makwao katika maeneo ya Mlima Elgon, Bungoma na Trans Nzoia. Kuanzia mwaka wa 2006, mzozo wa mashamba ulizuka tena Mlima Elgon, na mwezi wa Machi 2008 serikali ikapeleka wanajeshi.

Mjini Kitale, ambako jamii hizo hukutana sokoni na kazini, kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka wa 1974 kutokana na mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham. Katika uwanja wake mmejengwa nyumba za kiasili za jamii za eneo hilo, zikiwa karibu karibu.

Simulizi ya Mango inaonyesha ujirani wa namna hiyo. Desturi ambayo Wabukusu huiona kuwa kitambulisho chao kikuu, wao wenyewe husimulia kwamba waliipokea mikononi mwa wakwe. Anayeimba Sioyaye humsifu Mango, na pia hukumbusha kwamba Mbukusu na Msabaot waliwahi kuoana kabla ya kugombania mashamba.