Adabu ya Ugeni Katika Visiwa vya Mafia

Apitaye Kariakoo huvuka Mtaa wa Pemba na Mtaa wa Mafia pasipo kukumbuka bahari. Majina hayo yamezoeleka hata yamekuwa alama za kuelekezana maduka tu. Lakini jina la mtaa ni kumbukumbu, nasi twakusudia kulifuata jina la Mafia hadi lilikotoka, tukajiulize: mkazi wa Dar es Salaam aendapo visiwani kutembea na kupumzika, yampasa aende kwa adabu gani?

Kariakoo yenyewe ilipata jina lake vitani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, yaani Carrier Corps, na ndimi zetu zikalifinyanga neno hilo mpaka likawa Kariakoo. Mafia ilikuwa imekwisha kuguswa na vita hivyo hivyo. Januari 1915 Waingereza walikinyang'anya kisiwa hicho kwa Wajerumani, wakakifanya kituo cha ndege zilizosaidia kuiandama manowari ya Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji na kuangamia Julai 1915. Hivyo kisiwa na mtaa vilitumikishwa pamoja katika ugomvi usiokuwa wa wenyeji wake.

Hata hivyo, historia ya Mafia haikuanzia kwenye mizinga ya wageni. Kisimani, upande wa magharibi, ulikuwa mji wa kale ambao sehemu yake kubwa imeliwa na bahari. Katika kisiwa cha Juani yamesimama magofu ya Kua, yenye misikiti na makaburi, nayo mizizi ya miti yaendelea kuzipasua kuta zake. Mji huo uliangamizwa na Wasakalava wa Bukini mwanzoni mwa karne ya 19.

Wazee husimulia kisa cha miji hiyo miwili. Watu wa Kisimani waliwaalika wa Kua kwenye sherehe ya kushusha jahazi, kisha wakawakamata watoto wa wageni, wakawalaza njiani, na jahazi likashushwa juu ya miili yao. Kua walinyamaza kwa miaka. Ndipo wakawaalika Kisimani harusini, katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, mlango ukazibwa kwa mawe, na wageni wakafia humo.

Hatukisimulii kisa hiki kwa kutafuta tarehe yake. Twakisimulia kwa kuwa kimebeba sheria kuu ya pwani yetu: ugeni ni amana, na aivunjaye, awe mwenyeji au mgeni, huubomoa mji wake mwenyewe.

Leo msafiri wa kutoka Kariakoo hufika Mafia kwa ndege ndogo, au hupita Mbagala hadi Nyamisati akavuka kwa chombo hadi Kilindoni. Huko ataogelea penye matumbawe, na katika miezi ya mwisho na ya mwanzo wa mwaka aweza kumwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, asiyemdhuru mtu. Chole atawaona popo wakubwa wakining'inia mitini mchana kutwa, pamoja na magofu ya utawala wa Wajerumani. Jibondo ni maarufu kwa mafundi wa kuunda majahazi.

Tangu mwaka 1995 sehemu kubwa ya bahari hiyo imekuwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye eneo la kilomita za mraba 822. Hifadhi hiyo si bahari tupu: vijiji vimo ndani yake, na wavuvi wake hufungwa na kanuni za nyavu na za mahali pa kuvua. Matumbawe anayoyashangilia mgeni yamehifadhiwa pia kwa kujinyima kwa mvuvi. Basi mgeni ayakanyagaye, au avunjaye jiwe la Kua alichukue kama kumbukumbu, huila karamu ya mwenyeji kisha akamwibia chungu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hataponea picha zetu. Ataponea nauli tunayomlipa nahodha wake, mkeka tunaoununua bila kumpunja msusi, na sikio tunalompa mzee asimuliapo habari za Kua. Na sisi wa mjini tutapona tukirudi tunaijua Mafia kuwa nchi ya watu, wenye haki juu ya bahari yao na juu ya makaburi ya wazee wao.