Wanawake wa Kifusi katika Mji wa Berlin

Vita Vikuu vya Pili vilipokoma katika Ulaya, mwezi wa Mei 1945, mji wa Berlin ulikuwa magofu matupu. Kifusi chake kilikadiriwa kuwa yapata meta za ujazo milioni 75. Wanaume wengi walikuwa wamekufa, na wengine wamo katika kambi za mateka. Basi wenye mamlaka wakaandika vibarua wa kusafisha mji, wakiwamo wanawake wengi. Waliokuwa wafuasi wa chama cha Hitler walilazimishwa. Wengine walijiandikisha wenyewe kwa ajili ya njaa.

Walisimama safu safu, wakapokezana ndoo mkono kwa mkono. Wakayagonga matofali kwa nyundo hata chokaa ikabanduka, wakayapanga, yapate kujengewa tena. Hapo kwanza sheria iliwazuia wanawake wasifanye kazi nzito za ujenzi. Walakini tarehe 10 Julai 1946 Baraza la mataifa manne yaliyoshinda lilitoa sheria ya kuwaruhusu.

Ujira wao ulikuwa pfennig 72 kwa saa, yaani kutwa haikutimia marki 6; na mkate mmoja wa magendo uliweza kuuzwa kwa marki 80. Kwa nini basi walikubali? Kwa sababu ya kadi ya chakula. Mke wa nyumbani asiye na kazi alipewa kadi ya daraja la tano, gramu 300 za mkate kwa siku. Kibarua wa kifusi alipata daraja la pili, gramu 500. Gramu 200 hizo ndizo zilizokuwa mshahara wa kweli.

Mwaka wa 1955 walisimamishiwa sanamu katika bustani ya Hasenheide: mwanamke ameketi, ameshika nyundo. Lakini mwaka wa 2014 mwanahistoria Leonie Treber alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kifusi cha Ujerumani iliondolewa na makampuni yenye mafundi na mitambo, na ya kuwa wanawake hao, nje ya Berlin hasa, walikuwa wachache kuliko inavyosimuliwa.

Habari hiyo haiwapunguzii heshima. Bali anayewasifu kana kwamba walijitolea kwa furaha tu huificha njaa yao. Enyi walimu, mkiwafundisha watoto habari za sanamu ile, wafundisheni na habari za kadi ya mkate.