Kuvuka Milima ya Wengine
Mwaka 1813 Blaxland, Lawson na Wentworth walivuka Blue Mountains, magharibi ya Sydney, wakaitwa wavumbuzi. Jina hilo halistahili: Wadarug na Wagundungurra walizijua njia za milima hiyo tangu kale. Kilichofuata ndicho kizito. Kufikia 1815 wafungwa wapatao 30 wa William Cox walikuwa wamekwisha kutengeneza barabara ya kilomita 160 hivi. Mji wa Bathurst ukaanzishwa, kondoo na ng'ombe wakaenea katika mawindo ya Wawiradjuri. Hawa, wakiongozwa na Windradyne, walipigana. Agosti 1824 Gavana Brisbane alitangaza sheria ya kijeshi. Wakauawa hata wanawake na watoto. Desemba Windradyne aliingia Parramatta, kofiani mwake limeandikwa neno "amani", kwa Kiingereza.